Mapafu Baada ya Upasuaji wa Moyo: Matibabu Yasiyoishia Chumba cha Upasuaji

Upasuaji wa moyo unapokamilika na kifua cha mgonjwa kufungwa, ndugu waliokaa kwenye mabenchi ya kusubiri tangu alfajiri hushusha pumzi na kushukuru. Wana haki ya kushukuru, kwa kuwa hatua kubwa imepita. Hata hivyo, kwa madaktari na wauguzi wa chumba cha uangalizi maalumu, kazi nyingine ndiyo kwanza inaanza. Katika saa na siku zinazofuata, mapafu hufuatiliwa kwa karibu sawa na moyo wenyewe, kwa sababu moyo uliotengenezwa vizuri hauwezi kumwokoa mtu ambaye damu yake haipati oksijeni ya kutosha.

Wagonjwa wengi hupata athari ndogo za mapafu ambazo huisha ndani ya siku chache. Wapo wachache ambao mapafu yao hushindwa kazi ghafla na kuhitaji msaada wa mashine kwa siku kadhaa au hata wiki. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, namna inavyotibiwa, na sehemu ambayo mgonjwa na familia yake wanaweza kuifanya ili kuizuia.

Huduma iliyosogea karibu na wananchi

Hapa nchini, upasuaji mkubwa wa moyo unafanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kabla ya huduma hizo kuimarika, wagonjwa wengi waliohitaji upasuaji wa aina hiyo walilazimika kupelekwa nje ya nchi, hasa India.

Miongoni mwa wanaohitaji upasuaji huo wapo watoto waliozaliwa na matundu kwenye moyo, watu wazima walioziba mishipa inayolisha moyo, na vijana ambao milango ya moyo, yaani valvu, imeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo. Kundi hili la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini. Valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo inapokuwa nyembamba, damu inayotoka kwenye mapafu hukosa njia ya kupita kwa urahisi. Damu hiyo hurudi nyuma, shinikizo katika mishipa ya mapafu hupanda, na maji huanza kuvujia ndani ya mapafu. Mgonjwa aliyechelewa kufika hospitali kwa miaka kadhaa huingia chumba cha upasuaji akiwa na mapafu ambayo tayari yamechoka. Hali kama hiyo huwapata pia watoto wenye matundu makubwa ambayo hayakuzibwa mapema.

Kwa nini mapafu huathirika

Katika upasuaji mwingi wa kufungua moyo, moyo husimamishwa kwa muda. Kazi yake hufanywa na mashine maalumu inayopokea damu ya mgonjwa, kuitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Daktari John Gibbon wa Philadelphia, Marekani, ndiye aliyefanikiwa kwa mara ya kwanza kumpasua mgonjwa moyo kwa kutumia mashine ya aina hiyo, tarehe 6 Mei 1953. Ugunduzi huo umeokoa maisha ya watu wengi duniani, lakini una gharama yake kwa mwili.

Damu inapopita katika mipira na nyuso zisizo za asili, kinga ya mwili huamka kana kwamba mtu amejeruhiwa vibaya. Kemikali za uvimbe humwagika katika damu na kuifanya mishipa midogo ya mapafu ivuje. Wakati huohuo mapafu yenyewe huwa yamepumzishwa bila kujazwa hewa, hivyo baadhi ya vifuko vidogo vya hewa hunywea na kushikamana. Damu nyingi anayoongezewa mgonjwa inaweza pia, mara chache, kuchochea uvimbe huo.

Sababu nyingine hujitokeza baada ya upasuaji. Mfupa wa kidari uliokatwa na kuunganishwa kwa waya huuma, na maumivu humfanya mgonjwa apumue kwa juu juu na kuogopa kukohoa. Makohozi hubaki ndani na kuwa makazi ya vijidudu. Aidha, mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumua, hupita kando ya moyo. Ukipata mshtuko, upande mmoja wa kiwambo unaweza kulegea kwa wiki kadhaa.

Swali la kwanza: tatizo ni moyo au mapafu?

Mgonjwa anayehema kwa shida baada ya upasuaji anaweza kuwa na mojawapo ya matatizo mengi. Huenda vifuko vya hewa vimenywea. Huenda maji au damu vimejikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, au hewa imevuja humo na kulibana pafu. Inawezekana ni nimonia, au bonge la damu lililokwama katika mshipa wa pafu. Inawezekana pia moyo bado ni dhaifu na unashindwa kusukuma damu, hivyo maji yanarudi mapafuni.

Kila moja ya hali hizo ina tiba yake, na tiba ya moja inaweza kuwa hatari kwa nyingine. Ndiyo maana wataalamu huanza kwa kutafuta chanzo. Hupima kiwango cha oksijeni kwenye damu, hupiga picha ya eksirei ya kifua, na hutumia ultrasaundi kuangalia moyo na mapafu palepale kitandani. Iwapo kuna maji au hewa iliyobana, mrija huingizwa kifuani na nafuu huweza kuonekana ndani ya dakika chache. Iwapo ni nimonia, makohozi huchukuliwa kwa uchunguzi wa maabara na dawa za kuua bakteria huanzishwa bila kuchelewa.

Hali kali zaidi ni pale mapafu yote mawili yanapovimba na kujaa majimaji kwa ghafla, ilhali moyo si chanzo pekee. Madaktari wa Denver, Marekani, wakiongozwa na David Ashbaugh, waliieleza hali hiyo mwaka 1967 baada ya kuwachunguza wagonjwa 12. Ukali wake hupimwa kwa kulinganisha oksijeni iliyomo katika damu na oksijeni anayopewa mgonjwa. Kwa mtu mwenye afya njema anayevuta hewa ya kawaida, uwiano huo huwa zaidi ya 400. Ukishuka hadi 300 au chini yake, mapafu yameingia katika hatari. Ukifika 100 au chini, hali ni mbaya sana na kila saa ina thamani.

Ukanda wa Afrika Mashariki umechangia katika elimu hii. Mwaka 2016, watafiti waliofanya kazi katika hospitali kubwa ya rufaa mjini Kigali, Rwanda, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,046 waliolazwa kwa maradhi mbalimbali. Kwa vigezo vya kimataifa vya wakati huo, vilivyodai mashine ya kupumulia na vipimo vya damu ya ateri, hakuna hata mmoja ambaye angehesabiwa kuwa na tatizo hilo. Watafiti walipotumia kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni pamoja na ultrasaundi ya mapafu, waliwabaini wagonjwa 42, na nusu yao walifariki dunia. Vigezo vipya vya kimataifa sasa vinatambua vipimo hivyo rahisi. Funzo lake ni kwamba ugonjwa usiotambuliwa hauwezi kutibiwa, na kwamba kifaa kidogo kinachotumiwa kwa wakati kinaweza kuokoa maisha.

Mashine ya kupumulia: hewa kidogo, usalama zaidi

Hakuna dawa moja inayoponya mapafu yaliyovimba kwa namna hiyo. Lengo la tiba ni kumweka mgonjwa hai bila kuyaumiza mapafu zaidi, wakati chanzo kinatibiwa na mwili unajitengeneza.

Kwa miaka mingi, ilidhaniwa kuwa mgonjwa aliyepungukiwa oksijeni anahitaji kusukumiwa hewa nyingi. Mwaka 2000, utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wagonjwa 861 ulibadili mtazamo huo. Kundi moja lilipewa mililita 12 za hewa kwa kila pumzi kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu wa mtu. Kundi lingine lilipewa mililita 6 tu. Katika kundi la hewa nyingi walifariki takriban watu 40 kati ya kila 100, na katika kundi la hewa kidogo takriban 31.

Kwa mwanamume mwenye urefu wa sentimita 170, kiasi hicho kidogo ni kama mililita 400 kwa pumzi moja, yaani zaidi kidogo ya ujazo wa chupa ya soda ya mililita 350. Kipimo hufuata urefu na si unene, kwa kuwa mapafu hayakui mtu anaponenepa. Mashine pia huacha shinikizo dogo mwisho wa kila pumzi ili vifuko vya hewa visinywee tena. Shinikizo hilo hupangwa kwa uangalifu, kwa sababu likizidi linaweza kuzuia damu kurudi katika moyo ambao ndiyo kwanza umetoka kupasuliwa.

Kumlaza kifudifudi

Njia nyingine iliyothibitishwa haihitaji mtambo mpya. Ni kumgeuza mgonjwa alale kifudifudi. Akilala chali, uzito wa moyo na wa mapafu yenyewe hukandamiza sehemu ya nyuma ya mapafu. Akigeuzwa, sehemu hiyo hufunguka na kupokea hewa. Mwaka 2013, utafiti ulioongozwa na madaktari wa Ufaransa na kuhusisha wagonjwa 466 waliokuwa katika hali mbaya ulionyesha kuwa waliolazwa kifudifudi kwa vipindi vya angalau saa 16 walifariki 16 kati ya kila 100 ndani ya siku 28. Waliobaki chali walifariki takriban 33 kati ya kila 100.

Utafiti huo haukuwalenga waliopasuliwa moyo. Kwao, kidari kilichofungwa kwa waya, mirija ya kifua na mishipa yenye dawa vinahitaji uangalifu wa ziada, na uamuzi hufanywa na timu nzima akiwemo daktari aliyepasua. Hata hivyo, upasuaji wa moyo peke yake si kizuizi cha moja kwa moja. Kumgeuza mgonjwa mmoja kwa usalama huhitaji watu watano au zaidi wanaofuata hesabu ya sauti moja, ishara kwamba tiba hii hutegemea watumishi waliofunzwa kama inavyotegemea vifaa.

Sambamba na hayo, wataalamu hupunguza maji ya ziada mwilini kwa dawa za kuongeza mkojo, hutuliza maumivu, na hutumia dawa za kulegeza misuli pale mgonjwa anapopingana na mashine. Shinikizo la mishipa ya mapafu likipanda ghafla, hasa kwa watoto, gesi maalumu ya kuvutwa inaweza kutumika kuilegeza mishipa hiyo. Mahali penye uwezo huo, hatua ya mwisho ni mashine ya pafu bandia inayotoa damu nje ya mwili na kuitia oksijeni. Mashine hiyo ina gharama kubwa, huleta hatari ya kuvuja damu, na hutumika kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa. Haiwezi kuchukua nafasi ya uangalizi mzuri wa awali.

Mashine si hukumu ya kifo

Wapo wananchi wanaoamini kuwa mgonjwa akishawekewa oksijeni au mashine ya kupumulia ndiyo mwisho wake. Imani hiyo hutokana na kuwaona waliofariki wakiwa na vifaa hivyo. Ukweli ni kwamba mashine hizo huwekwa kwa mtu ambaye tayari yuko hatarini, na ni ugonjwa unaoua, si mashine. Aidha, baada ya upasuaji wa kufungua moyo, karibu kila mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa bado kwenye mashine, na wengi huondolewa ndani ya saa chache mara wanapoamka na kupumua vizuri wenyewe.

Mwenye mrija kooni hawezi kuzungumza, lakini anaweza kusikia. Familia hushauriwa kumwita kwa jina, kumwambia siku na saa, na kumfahamisha kuwa watu wa nyumbani wapo. Iwapo mashine itahitajika kwa muda mrefu, madaktari wanaweza kupendekeza tundu dogo shingoni la kupitishia hewa. Tundu hilo humpunguzia mgonjwa usumbufu, na kwa walio wengi wanaopona hufungwa baadaye.

Ni haki ya familia kuuliza na kujibiwa kwa lugha inayoeleweka: chanzo cha tatizo ni nini, oksijeni imepanda au imeshuka tangu jana, na hatua inayofuata ni ipi. Ni vyema ndugu wakamteua mtu mmoja wa kupokea taarifa, ili ujumbe usipotoshwe unapopita kwa wengi. Upo pia ukweli mgumu ambao hauna budi kusemwa. Wagonjwa wengine hawaponi hata baada ya jitihada zote, na familia iliyoelezwa mapema hujiandaa vizuri zaidi kuliko iliyofichwa.

Kinga huanza kabla ya siku ya upasuaji

Sehemu kubwa ya kazi ya kuyalinda mapafu hufanyika kabla ya kisu kugusa ngozi, na hapo ndipo mgonjwa mwenyewe ana uwezo mkubwa. Mwaka 2006, watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa mishipa ya moyo na waliokuwa katika hatari kubwa ya matatizo ya mapafu. Waliofanya mazoezi ya misuli ya kupumua kwa angalau wiki mbili walipata matatizo hayo 18 kati ya kila 100, ikilinganishwa na 35 kati ya kila 100 kwa wasiofanya.

Mgonjwa anayesubiri upasuaji anahimizwa kuzingatia yafuatayo:

- Kuacha sigara na tumbaku ya aina yoyote mapema iwezekanavyo, ikiwezekana wiki nne hadi nane kabla.
- Kumweleza daktari kuhusu kikohozi kisichoisha, homa, pumu au historia ya kifua kikuu, bila kuficha kwa kuogopa kuahirishiwa tarehe.
- Kutibiwa meno mabovu na kusafisha kinywa kila siku, kwa kuwa vijidudu vya kinywani huweza kushuka mapafuni na hata kushambulia valvu mpya.
- Kujifunza mazoezi ya kupumua kwa kina kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia akiwa bado hana maumivu.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hufundishwa kukumbatia mto kifuani anapokohoa ili kidari kisitikisike, kuketi wima mapema, na kutembea hatua chache kwa msaada. Anapaswa kuomba dawa ya maumivu pale anaposhindwa kuvuta pumzi kwa kina. Kuvumilia maumivu kimya kimya, jambo linalosifiwa katika familia nyingi, hapa linaweza kuwa mwanzo wa nimonia. Ndugu nao wanawajibika kunawa mikono kabla ya kumshika mgonjwa na kutoingia wodini wakiwa na mafua.

Baada ya kurudi nyumbani

Ruhusa ya kutoka hospitali haina maana kwamba hatari imekwisha. Mgonjwa arejeshwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu iwapo atahema kwa shida, hasa akilala chali, atapata homa, atakohoa damu, atavimba mguu mmoja kwa maumivu, au kidonda cha kifua kitatoa usaha au kidari kitacheza. Afike na karatasi za ruhusa na orodha ya dawa anazotumia, zikiwemo zile za kuzuia damu kuganda, ili mhudumu wa kituo hicho ajue anamtibu mtu wa aina gani na awasiliane na hospitali aliyopasuliwa. Kununua dawa dukani kwa kubahatisha huchelewesha tiba sahihi.

Siku za ziada katika chumba cha uangalizi maalumu huongeza pia gharama, ambazo kaya nyingi haziwezi kuzibeba kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inagusa moja kwa moja maisha ya wagonjwa wa aina hii. Mwananchi anashauriwa kujiunga na bima akiwa mzima, badala ya kusubiri siku ya rufaa.

Hatimaye, mapafu ya wagonjwa wengi yangeweza kulindwa miaka mingi kabla ya upasuaji kuhitajika. Homa ya baridi yabisi ya moyo huanzia kwenye maambukizi ya koo kwa watoto, ambayo hutibika kwa penisilini. Mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu hadi nne, kwa miaka mingi, ili valvu zake zisiendelee kuharibika. Mzazi anayempeleka kliniki mtoto mwenye koo linalouma na homa, na asiyeruka tarehe ya sindano, humwepusha mwanawe na kisu cha upasuaji pamoja na mashine ya kupumulia.